Jirani Aliyekuwa Akisaini Ndege

Nimekaa nyumba ya pili kutoka kwa fundi wa ndege kwa miaka mingi, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kumwona akitengeneza kitu. Nasema kitu chochote. Si pasi, si feni, si baiskeli, hata kitasa cha mlango wake mwenyewe. Kitasa kile kilipoharibika alimwita seremala wa sokoni Kibiti, akakaa naye kibarazani akimshikia misumari, na kazi ilipokwisha akamshukuru kwa heshima zote, utadhani yeye mwenyewe hajui bisibisi inashikwaje.

Watu walimwita Fundi Ndege, na sisi wa jirani tukafupisha tukasema Fundi. Hilo jina ndilo lililotuletea ugomvi, kwa sababu mtu wa Kibiti akisikia neno fundi anakwenda kutafuta kilichoharibika nyumbani kwake. Alipostaafu na kurudi kwao, hata vitanda havijapangwa, watu walikuwa wameshaanza kumpelekea mizigo. Mama mmoja alipeleka redio. Mwalimu wa madrasa alipeleka kipaza sauti. Mimi nilipeleka mashine ya boti.

Nina boti ya kubeba abiria na mizigo, inatoka Nyamisati inazungukia vijiji vya delta mpaka Kiongoroni. Wakati ule mashine yake ilikuwa na tabia mbaya ya kuzimika katikati ya safari bila kuaga, na ikishajisikia vizuri inawaka tena. Nikasema moyoni, Mungu si Athumani, ameniletea mtu aliyekuwa akishughulika na injini zinazobeba watu angani, hii ya kusukuma boti itamshinda nini? Nikaipakia kwenye gari la mizigo kutoka Nyamisati, nikaishusha uani kwake asubuhi, na salamu juu.

Akaitazama. Mikono aliiweka nyuma, akaishikanisha. Akaizunguka, akainama, akaniomba nivute kamba asikilize, akasikiliza jicho moja amelifumba. Mimi nikaanza kutabasamu. Kisha akainuka akasema, "Hii siyo aina yangu, Nahodha."

Nilidhani anaringa. Nilimwambia hivyo hivyo, kwa sababu mimi Mmatumbi na yeye Mndengereko, utani upo, na mtani hafichi kitu. Hakukasirika. Aliniletea kigoda, akanieleza kwamba leseni ya fundi wa ndege haimwambii mtu wewe ni fundi basi, nenda kashike unachotaka. Inataja ndege ya aina gani na injini ya aina gani, na kila aina mtu anaisomea upya na kuifanyia mtihani upya. Akigusa aina ambayo hakuandikiwa, kisha akasaini kwamba iko sawa, amevunja sheria hata kama kazi yake ni safi. Aliishi na sheria hiyo muda mrefu mno, ikamwingia, akahama nayo kutoka Dar es Salaam mpaka Kibiti. Nikamwambia mashine ya boti haina sheria, hata mimi nahodha sina cheti. Tangu siku ile kila alipopanda boti yangu aliuliza kwanza maboya ya kujiokolea yako wapi, tena mbele ya abiria.

Lakini hakuniacha na mzigo wangu. Tulikwenda pamoja kwa fundi wa mashine aliyekuwa karibu na stendi, na Fundi akamshikia tochi kutwa nzima. Alikuwa mshika tochi hodari kuliko wote niliowahi kuwaona: mwanga ulifika mahali kabla mkono wa fundi haujafika. Aliuliza maswali kwa adabu kabisa. Tulipogundua ni uchafu kwenye njia ya mafuta alifurahi sana, akamsifu yule bwana njia nzima tunarudi, na mimi nikabaki nimekasirika peke yangu.

Watu wengi Kibiti walimchoka kwa sababu hiyo. Walisema huyu hakuwa fundi, alikuwa akifagia huko uwanja wa ndege. Mimi nilikuwa wa kwanza kuusambaza utani huo, kisha nikajikuta nauzuia, kwa sababu kadiri nilivyokaa naye ndivyo nilivyoanza kumpenda. Alikuwa mtu wa raha. Alicheka kwa urahisi, alikula vizuri, na ukimtania anakuongezea utani mwingine uondoke nao.

Jambo la pili alilokuja nalo kutoka kazini ni kuhesabu vyombo. Kule kwao, alisema, hakuna anayetoka kwenda nyumbani mpaka kila spana imeonekana mahali pake. Spana ikikosekana, ndege hairuki, hata abiria wakiwa wameshakaa na mikanda wamefunga, maana huenda imesahaulika mahali ambapo haitakiwi kusahaulika. Sasa mtu mwenye tabia hiyo mpe kazi kwenye shughuli ya watu wa Kibiti uone.

Tulikuwa na maulidi mtaani, na Fundi alijitolea kusaidia upande wa vyombo vya kupikia. Pilau limeiva, watu wameshanawa mikono, mashekhe wako mkekani, yeye anasema kisu kimoja hakipo. Tukamwambia kitaonekana. Akasema ndiyo, kitaonekana, ndiyo maana tunakisubiri. Akaziwekea sufuria mifuniko, akasimama mbele yake. Tulitafuta kwenye maganda ya vitunguu, kwenye majivu, chini ya magunia. Watoto walianza kulia njaa. Shekhe mmoja aliuliza kwa sauti ya chini kama kuna tatizo la kidini. Mwisho kisu kilionekana kiunoni kwa mpishi mkuu, ambaye ndiye aliyekuwa akipiga kelele kuliko wote kwamba tunacheleweshwa. Fundi hakumsema hata neno, alifunua sufuria akasema, "Sasa tule." Na mimi nakwambia, pilau lile tulikula kwa hasira lakini kwa amani, kila mmoja akijua hamna kisu ndani yake.

Usidhani basi kwamba alikuwa mtu wa utaratibu kwa kila kitu. Paa lake lilivuja misimu yote, akaliwekea nailoni na jiwe juu. Jembe langu alilikopa akasahau kwamba alilikopa, akaniazima siku moja jembe hilo hilo kwa masharti. Na ndege zenyewe alikuwa haziamini. Hilo lilinishangaza kuliko yote. Msiba ulipotokea kwa ndugu yake Mwanza alikwenda kwa basi. Nikamuuliza, wewe bwana, maisha yako yote ulikuwa ukisaini kwamba ndege ziko salama, leo unakwenda Mwanza siku nzima umekaa na magunia? Akanijibu kwamba ndege alizosaini yeye alikuwa anajua nani kazisaini.

Alilala kila siku baada ya adhuhuri, na usingizi huo hakuuvunja kwa mtu. Hata mgeni wa heshima alimsubiri. Alisema miaka yake ya kazi ilimfundisha kwamba mtu aliyechoka ndiye wa mwisho kujua kwamba amechoka, kwa hiyo yeye halali kwa sababu ana usingizi, analala kwa tahadhari. Mkewe, mama mmoja mcheshi wa Chumbi aliyekuwa na mashamba ya mpunga huko kwao, alikuwa akisema mumewe ni mtu pekee aliyemwona akikoroma kwa kufuata kanuni.

Habari za kazini alizitoa kidogo kidogo, nyingi wakati tunakunywa kahawa. Nilizikusanya taratibu mpaka zikakamilika.

Mafundi kule walianza kupungua bila kelele. Mmoja alipata kazi Uarabuni, akawaita rafiki zake, nao wakaita wenzao. Waliobaki waligawana kazi ya walioondoka. Kumlea fundi wa ndege mpaka apewe leseni ni miaka, huwezi kumwokota stendi, na hakuna aliyekuwa amewalea wengine wakati mambo bado mazuri. Ikafika mahali watu wanaunganisha zamu. Kisha wakubwa wakaona njia ya mkato: kazi ifanywe na wanagenzi, na wenye leseni wachache waliobaki wapite wakisaini tu. Fundi alisema ile siku ndipo alipoelewa jambo moja. "Walikuwa wanaitaka sahihi yangu," aliniambia. "Mie mwenyewe walikuwa hawanihitaji."

Hawakugoma. Alilisema hili kwa kujisifu, akigonga kikombe kwenye sahani. Walichofanya ni kufuata kitabu. Kila kazi ya ndege ina kitabu chake, hatua kwa hatua, na watu wakiwa wachache halafu kila mmoja akafuata kila hatua, akaangalia kwa macho yake kila kitu kabla ya kusaini, ndege haziondoki kwa saa zake. Wakubwa wakasema huo ni mgomo. Mafundi wakajibu, tuonyesheni mstari tuliokiuka. Msemaji wao alikuwa yeye. Abiria walikaa viwanjani wakiwalaani, na mmoja wa waliokwama alikuwa shemeji yake, ambaye mpaka leo hapokei simu yake. Mwisho kampuni ilikubali kuajiri vijana wa kufundishwa na kuweka kikomo cha saa za kazi. Miaka yake ya mwisho kabla ya kustaafu Fundi aliitumia kuwafundisha vijana hao. Aliwataja mara kwa mara, na alipowataja sauti ilibadilika. Yeye na mkewe hawakujaaliwa watoto, na nadhani kila mtu aliyemsikiliza alielewa.

Alikuwa na kitu kimoja cha thamani, nacho ni ile leseni. Aliitembeza kwenye mfuko wa shati, ndani ya nailoni ngumu, na watu walioshuku kwamba alikuwa akifagia uwanjani aliwaonyesha bila kuwajibu. Siku moja alinieleza kwamba inakufa. Sheria inamtaka mwenye leseni awe ameshika kazi ya ndege ndani ya kipindi fulani, na kipindi kikipita hajagusa, hana ruhusa tena ya kusaini. Kuirudisha ni kusoma na kufanya mitihani, jambo ambalo kwa umri wake hakuliweka hata kwenye mawazo. Alikuwa ameomba vibarua vya muda kwenye kampuni ndogo ndogo, hata zile za ndege za watalii wa mbugani, hakujibiwa. Kipindi kilikuwa kinaelekea ukingoni.

Nikamwambia, kwani inakuuma nini, huku hakuna ndege ya kusaini. Akasema haimuumi kukosa kazi, inamuuma kuwa aliyewahi kuwa fundi. Kisha akabadilisha mazungumzo.

Ndiyo maana siku gari la kampuni yake ya zamani liliposimama mbele ya nyumba yake, mimi nilishukuru Mungu kabla yake. Alishuka bwana mmoja mnadhifu, amechomekea, akasalimia kwa unyenyekevu. Fundi alinishika mkono nisiondoke, kwa hiyo nilisikia yote. Hali ya mafundi imekuwa mbaya kuliko zamani, yule bwana alisema. Walioajiriwa nao wameanza kuondoka, waliobaki hawatoshi, wanawatafuta wastaafu wenye leseni hai warudi kwa miezi michache. Watamtafutia mahali pa kulala. Zamu itakuwa ya mchana. Fundi alimimina kahawa kwa mkono wake mwenyewe.

Wakati wa kuaga yule bwana aliongeza kwamba kuna vijana kidogo wana maneno maneno, lakini yasimsumbue.

Gari lilipoondoka Fundi hakwenda kulala. Hilo peke yake lilitosha kunitia wasiwasi. Alimpigia simu mmoja wa vijana aliowafundisha, akazungumza uani muda mrefu, akarudi. Maneno ya vijana aliyajua kabla hajaambiwa, kwa sababu yalikuwa ni maneno yake mwenyewe ya zamani. Kile kikomo cha saa kilikuwa kimesahauliwa taratibu, kampuni ikarudi kuwaunganishia zamu, na vijana wakasema sasa basi, saa zao zikiisha wanaweka spana chini. Hawatukani mtu, hawafungi mlango, wanakaa tu nje. Ndege zilizobaki bila mikono ndizo alizoitiwa yeye.

"Nikikaa, leseni inakufa hapa kibarazani, naiona," aliniambia. "Nikienda, nitakuwa nimewazibia njia watoto wangu. Wee unaonaje, mtani?"

Nilimwambia aende. Sikusita. Nilimwambia wale ni vijana, wana miaka mbele, watapata kampuni nyingine, wataitwa Uarabuni, lakini yeye akikosa hii hana nyingine. Nilimwambia pia kwamba ndege haijui ugomvi wa watu, inataka mtu wa kuitazama vizuri, na kama hatakwenda yeye atakwenda mstaafu mwingine anayesaini akiwa amefumba macho. Nilijiona nimesema maneno ya maana. Mkewe tulipomuuliza alisema hilo ni la fundi, yeye ni mkulima, ila ovaroli aliifua akaipiga pasi. Tulijua basi ameridhia.

Asubuhi ya kuondoka tulimsindikiza stendi. Wale wale waliosema alikuwa akifagia walikuja kumshika mkono. Mwalimu wa madrasa alimwombea dua. Alikuwa amevaa shati jeupe, leseni iko mfukoni, begi la ovaroli liko begani, na sijawahi kumwona mtu mzima amefurahi kiasi kile bila kuoa. Basi la Dar lilipotoka, nami nilijisikia kana kwamba kuna sehemu yangu inakwenda kushika ndege.

Kesho yake alasiri nilimkuta amekaa kibarazani kwake.

Nikauliza, umerudi? Akasema amerudi. Nikauliza, kuna nini? Akasema hakuna kitu, akaniuliza habari za boti. Nilimuuliza maswali ya kumzunguka mpaka jioni, hakutoa neno. Kibiti haikuvumilia ukimya huo. Wengine walisema amepimwa macho akashindwa. Wengine walisema amesahau kazi, wamempa spana akauliza ni ya nini. Nami nilimkasirikia, kwa sababu nilikuwa nimejipanga kujivuna kwa miezi michache na ameninyima. Nikaona ni zile zile tabia zake, pengine alikuta injini siyo aina yake akaweka mikono nyuma. Wiki ile mkewe alikuwa anakwenda Chumbi kwa ajili ya mpunga, na Fundi akafuatana naye, akakaa huko msimu mzima.

Nilimwona tena mpunga ulipokaribia kuvunwa. Nilikwenda Chumbi kutafuta mchele wa kupeleka delta, maana watu wa Kiongoroni wanavua na kukata mikoko, mchele wanausubiri kutoka huku juu. Mkewe nilimkuta chini akipepeta mchele wa mavuno yaliyopita, akaninyooshea kidole kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo ambacho mtu anakaa kulinda shamba. Nikapanda ngazi. Fundi alikuwa amejinyoosha juu ya mkeka, ana kopo la chai na rundo la mawe ya kuwarushia ngedere, na alikuwa amenenepa.

Nilimtania kuhusu unene, naye akanitania kuhusu nywele zangu zinavyoniaga. Tulirusha mawe kidogo. Upepo ulikuwa mzuri, mpunga umejaa mpaka kwenye ukingo wa miti, na nilimwona mtu aliyetulia kabisa. Nikapata ujasiri wa kuuliza.

"Na leseni?"

"Imekwisha," akasema. "Mwezi uliopita."

Hakuwa na huzuni. Alisema siku ilipokwisha alilala adhuhuri kama kawaida. Nikamwambia basi niambie, Fundi, kule ilikuwaje, mimi ndiye niliyekusukuma uende. Akaniambia.

Alifika uwanjani asubuhi ile, yule bwana mnadhifu akampokea getini, wakaelekea kwenye hanga, lile banda kubwa la kutengenezea ndege. Nje ya mlango kulikuwa na mabenchi, na vijana walikuwa wamekaa pale, saa zao zimeisha. Aliwaona kwa mbali na akajiandaa. Njiani ndani ya basi alikuwa ametunga majibu ya kila tusi watakalomtukana. Msaliti, alikuwa na jibu lake. Mzee mroho, alikuwa na jibu lake. Aliniambia alikuwa anayasubiri matusi yale, kwa sababu wangemtukana angepita.

Walipomwona wakasimama. Wote, pamoja. Wakasogea pembeni wakaiacha njia wazi.

"Wakaniamkia, Nahodha. Shikamoo mwalimu. Mmoja mmoja. Nami nikaitikia, marahaba, marahaba, huku natembea. Mwisho wa mstari alikuwepo binti mmoja, nilimfundisha mie tangu hajui nati inafungwa upande gani. Akasema shikamoo, akanyoosha mkono akanipokea begi."

Akarusha jiwe, ingawa ngedere hakuwepo.

"Akanipokea begi langu la ovaroli. Akatangulia nalo kwenda mlangoni, anikaribishe ndani. Anajua nakuja kumfanyia nini. Lakini mie ni mkubwa wake na nimebeba mzigo, basi akanipokea."

Nikamuuliza alifanya nini. Alisema marahaba ya binti yule ilimkwama, haikutoka. Alisimama katikati ya njia, na yule bwana wa kampuni alikuwa ameshaingia ndani anamwita. Leseni ilikuwa mfukoni, na ndege alikuwa anaiona kutoka pale aliposimama, milango ya injini iko wazi. Ilikuwa aina yake. Alisema alikuwa hajaona kitu kizuri hivyo kwa muda mrefu.

"Nikamwita. Nikamwambia, mwanangu, rudisha begi langu huku."

Akakaa nao kwenye benchi, wakamsogezea nafasi. Hakuwahutubia, hawakumshangilia. Binti yule akamletea maji. Yule bwana alitoka, akazungumza naye kwa adabu, kisha kwa ukali, kisha akaenda zake. Fundi alikaa pale kutwa, na usiku akalala kwa mmoja wao, na kesho yake akapanda basi. Baadaye vijana walimpigia kumwambia kwamba kampuni imekaa nao mezani. Kuna walichopata, kuna walichokosa, na zamu hazijaanza kuunganishwa tena. Walitaka kuja Kibiti kumshukuru, akawaambia wasije mpaka mpunga uvunwe, watamkatisha usingizi.

Nikamuuliza kwa nini hakutuambia, akatuacha tumseme vibaya msimu mzima. Alisema angewaambia watu nini? Kwamba alikwenda mpaka mlangoni? Alikwenda, na alitaka kuingia, na kilichomrudisha ni adabu ya mtoto wa mtu, wala haikuwa yake. Akasema jambo la namna hiyo mtu halitangazi stendi. Alilisema akiwa ametulia, akinitazama usoni, na mimi ndiye niliyeangalia pembeni. Macho yaliniuma, na nikasingizia vumbi la makapi ya mkewe.

Chai ilikwisha. Mkewe akaita kutoka chini kwamba mchele wangu umeshapimwa na gari linasubiri. Nikaanza kushuka ngazi, nikatafuta utani wa kuagia, kwa sababu hatukuwahi kuachana bila utani, na nikaukosa.

Alinizidi umri vizuri tu, huenda kwa miaka ya kutosha kuniita mdogo wake wa mwisho. Lakini katika ujirani wetu wote sikuwahi kumwamkia hata siku moja. Utani ulinipa ruhusa hiyo na niliitumia yote. Nilikuwa nikipita mbele ya baraza lake asubuhi nikimuuliza kama ameamka au amezikwa. Nilipofika chini nikasimama, nikainua uso. Alikuwa ameegemea nguzo ya dungu, jiwe liko mkononi, ananisubiri nimtukane.

"Shikamoo, Fundi," nikasema.

Alinitazama muda, kuona kama namtania. Mkewe aliacha kupepeta. Kisha akaliweka jiwe chini, akakaa vizuri, na akaitikia kwa sauti iliyosikika mpaka shamba la pili.

"Marahaba."